Majani ya uzi: niliyowaambia mafundi cherehani wenzangu pale Nyakato, Mwanza

Nimeandika vilevile nilivyoongea siku ile ya somo la kushona jani kwa uzi mtupu, maana wengi mlinitumia meseji mkasema mvua iliwakwamisha na foleni ya Buzuruga ikamalizia, nimeondoa tu salamu za wageni waalikwa (zilikuwa ndefu, mnajua wenyewe) na ule muda umeme ulipokata tukabaki tunaangaliana.

Mwangaluka! Shikamooni mama zangu, shikamooni mafundi mlioanza kushona kabla sijazaliwa, na nyie wadogo zangu marahaba, hamjaniamkia ila nimepokea.

Sianzi na cherehani leo, naanza na makabati yenu. Anyooshe mkono mwenye gauni la lesi, ile nzito ya matundumatundu, ya sendofu na kicheni pati, ile ambayo bila bitana huwezi kutoka nayo nje. Eeh, karibu wote, hata kaka yule wa nyuma kanyoosha, sawa, tuseme ni ya mkewe. Sasa ile lesi ukiisogeza karibu na macho unaona ua, jani, ua, vimeshikana kwa vijikamba vya uzi basi. Kitambaa kiko wapi? Si wamedarizi? Walidarizi juu ya nini? Jibu ni kwamba kitambaa kilikuwepo na wamekiyeyusha.

Na siyo mambo ya juzi hayo. Mswisi mmoja, Isaak Gröbli, mwaka 1863 alitengeneza mashine ya kudarizi inayotumia nyuzi mbili, wa juu kwenye sindano na wa chini kwenye shato (kile kichuma kinachoubeba), yaani mpango uleule wa cherehani yako, alafu miaka ya 1880 wenye viwanda kule St. Gallen Uswisi na Plauen Ujerumani wakapata ujanja: unadarizi kwa uzi wa pamba juu ya kitambaa cha hariri, ukimaliza unatumbukiza vyote kwenye soda kostiki, hariri inaliwa, pamba inabaki. Pamba imeishinda hariri, wakulima wetu wa pamba wa Kwimba na Maswa mlitakiwa kupigiwa makofi siku ile. Siku hizi dawa kali haina kazi tena, kuna plastiki nyembamba laini, jina lake la kitaalamu polivinili alkoholi, sisi tunaiita tu plastiki ya kuyeyuka, unaishonea juu yake alafu unaiweka kwenye maji ya kawaida na inaisha. Hiyo ndo iliyoitoa kazi kiwandani ikaileta mezani kwako. Kwa hiyo leo tunatengeneza jani. Jani la uzi mtupu, halina kitambaa, unaliweka kwenye mto, kwenye blanketi la viraka, kwenye kadi, kwenye picha ya ukutani, popote.

Kabla sijaendelea, kuna maneno yananikera, eti hii ni kazi ya wazungu wenye mashine za kompyuta. Jamani! Nendeni kwa fundi yeyote hapa mjini anayedarizi kanzu na shingo za madera, msimuangalie usoni, muangalieni mikono. Mashine yake haina meno ya kusukuma kitambaa, kitambaa kinaenda anakokipeleka yeye, goti linasukuma kile chuma cha chini zigizaga inapanuka inasinyaa, hajachora kitu, anabishana na mteja kuhusu Simba na Yanga na ua linatoka. Ujuzi wote wa hili jani anao yule. Kinachobadilika ni kwamba yeye ana kitambaa cha kumbeba akikosea na jani la uzi halina. Hapo ndo penye somo la leo na nitakaa hapo muda mrefu kidogo, mnisamehe.

Mashine kwanza, haraka haraka. Cherehani ya kawaida inatosha, Singer ya miguu, Butterfly, hata hizi ndogo za umeme. Ya miguu mimi naipenda zaidi kwa kazi hii, mwendo unaupanga wewe na Tanesco hawahusiki. Meno yale ya chini ya sindano yashushe, nyingine zina kitufe cha kuyashushia nyingine hazina, kama yako haina kata kipande cha kadi ngumu, toboa tundu la sindano, funika meno, bandika na selotepu. Mguu wa kawaida utoe, weka ule mdogo wa duara wa kutililia kama unao, kama huna shona bila mguu lakini vidole vikae mbali. Na hapa sikilizeni vizuri, hata ukiutoa mguu kile kiwiko cha nyuma cha kuushushia LAZIMA ukishushe, maana bila kukishusha zile sahani za tensheni (mkazo wa uzi) hazibani uzi na chini utapata shada la nyuzi, utalaumu bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), utalaumu sindano, utamlaumu aliyekuuzia, na kumbe ni kiwiko. Sindano namba 75 au 80 ya kudarizi, hiyo namba ni unene wake tu, 75 ni milimita 0.75, ya kudarizi ina tundu pana kidogo uzi hausagiki. Uzi namba 40 ndo wa kawaida wa darizi, na kwenye nyuzi namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba, msidanganywe dukani kwamba 60 ni mnene kuliko 40. Tensheni ya juu legeza kidogo.

Plastiki weka tabaka mbili kwenye ringi, lile duara la kubania kitambaa cha kudarizi, ibane mpaka ukiigonga inalia. Ringi ya kudarizia kwa mkono mmezoea kitambaa kikae juu, kwenye cherehani unaigeuza, plastiki ikae chini ilale bapa mezani. Na kuhusu kuitunza, sisi tunakaa kando ya ziwa jamani, hii plastiki inavuta unyevu kutoka hewani, msimu wa mvua ukiiacha wazi inalegea inanata, ukiiweka sehemu kavu mno nayo inakauka inapasuka, kwa hiyo mfuko unaofungwa vizuri, na mikono ikaushe kabla hujaigusa.

Sasa jani lenyewe.

Wengi mkianza mnaingia kwenye simu mnatafuta mchoro, na simu inawapa jani gani? Lile la pembe pembe lililoko kwenye bendera ya Kanada tangu 1965. Zuri, sikatai, kwao miti inageuka rangi kabla ya baridi, majani yanakuwa mekundu, ya chungwa, ya dhahabu, na wao wanayashona kwenye makwilti yao (mablanketi ya viraka) kwa sababu wanayaona dirishani. Sisi dirishani tunaona nini? Mnasema huku hakuna jani linalogeuka rangi. Nani kasema? Mkungu, ule mti wa kivuli unaotandaza matawi yake kwa ghorofa, chungulia chini yake utaokota jani jekundu kabisa, lingine la njano lina mabaka ya kijani, lingine nusu kwa nusu, na umbo lake lina raha ya kushona, jembamba kwenye kikonyo linapanuka kuelekea ncha. Mwembe ukichipua majani machanga yanaanza mekundu ya kahawia, yamening'inia yamelegea, alafu yanapauka kijani, alafu yanakolea. Rangi tatu kwenye mti mmoja na hujanunua katalogi.

Ila sababu yangu ya kuwaambia mchukue jani la nyumbani siyo uzalendo. Ni kwamba jani ulilolishika mkononi linakufundisha kushona na picha ya kwenye simu haikufundishi. Nimekuja na majani hapa, shikeni mpitishiane. Geuzeni upande wa chini. Upande wa chini ndo mishipa imejitokeza. Sasa chukueni karatasi nyepesi muweke juu yake, penseli ilaze ubavu, paka taratibu bila kukandamiza… mmeona? Mshipa mkubwa, ya pembeni, na katikati ya ile ya pembeni kuna vijimishipa vidogo vinakatizana. Hiyo karatasi ndo mchoro wako, unaiweka chini ya plastiki unaifuatisha kwa kalamu ya maji, hata kama hujui kuchora hata kuku.

Sasa linganisha hili la mwembe na hili la mgomba. Kwa nini jani la mgomba likipigwa na upepo wa ziwa linachanika vipande vipande na la mwembe halichaniki? Angalia. Mishipa ya pembeni ya mgomba imelala sambamba, yote inatoka katikati inakwenda ukingoni imenyooka, cha kuifunga mmoja na mwenzake ni dhaifu sana, upepo ukija unapita katikati yake. La mwembe kila nafasi kati ya mishipa miwili imezibwa na vijimishipa vya kukatiza, ukichana unakutana na kizuizi. Haya, rudi kwenye jani letu la uzi. Plastiki ikishayeyuka hakuna kitu kingine kinachoshika isipokuwa uzi ulioshika uzi. Ukishona mistari mizuri sambamba, imejaa, inang'aa, ukaifurahia, ukiweka kwenye maji utabaki na kapu la nyuzi. Nyie mna kaka na wajomba Mwaloni kule sokoni kwa samaki, mnajua wavu wa dagaa ukikosa fundo hapo hakuna wavu tena, kuna tundu. Na hili ni hivyohivyo, kila mstari uanzie juu ya mstari mwingine na uishie juu ya mstari mwingine, na katikati ukatize.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu. Nazunguka ukingo mara tatu, siyo pale pale, napishanisha kidogo mistari ipandane. Nashuka na mshipa mkubwa kwenda na kurudi, kuanzia kwenye kikonyo mpaka ncha. Alafu mishipa ya pembeni, kila mmoja unatoka kwenye mshipa mkubwa, unaugusa ukingo, tena uuvuke kidogo uingie ndani yake, unarudi palepale. Wengi mnaishia milimita moja kabla ya ukingo kwa sababu machoni inaonekana imefika. Haijafika. Hiyo milimita ndo itakayofunguka. Ukimaliza hapo unajaza, viduara vidogo vidogo vinavyopandana, au zigizaga ya mkono kwenda na kurudi, unahakikisha unagusa mishipa ya pande zote mbili. Mwisho unaongeza rangi ya pili juu, nyekundu kwenye ncha kama ni mkungu, na unarudia mshipa mkubwa uonekane. Mkono uende taratibu, mguu uende haraka, wengi mnafanya kinyume mishono inakuwa mirefu inalegea.

Kabla hujaweka kwenye maji linyanyue kwenye mwanga, angalia dirishani. Ukiona mahali plastiki tupu ni pana kuliko tundu la kifungo cha shati, rudi kashone.

Kisamvu nacho nakipenda, msicheke, jani la muhogo lina vidole vyake vyote vinatoka sehemu moja, kila kidole na mshipa wake, kwa hiyo ile sehemu vinapokutana inabeba mzigo wote na lazima uijaze mara mbili ya kwingine. Magugu maji yale yanayotusumbua ziwani yana jani la mviringo, nene, mishipa imefuata umbo inajipinda kutoka chini hadi juu, hilo usiache bila vikatizo maana ni tabia ya mgomba tena. Mwarobaini mwachieni mwenye subira, vijani vingi vidogo vyenye meno ukingoni kwenye kikonyo kimoja.

Kwenye maji. Kata plastiki ya pembeni kwanza, beseni, maji ya uvuguvugu, litumbukize jani, litakuwa na ute, tulia. Hapa unaamua mwenyewe, ukilisuuza mpaka ute wote uishe linakuwa laini linafaa kwenye nguo na blanketi, ukilitoa mapema ute umebaki kidogo likikauka linakuwa gumu, linasimama, linafaa kwenye kadi na mapambo. Lilaze mgongoni kwa bakuli likaukie hapo lipate mkunjo wa jani la kweli. Vipande vya plastiki ulivyokata msitupe, hiyo ni hela, viweke kwenye chupa ya maji kidogo viyeyuke upate uji mwepesi, unapaka na brashi kwenye kitambaa laini kinachokusumbua kinakakamaa unakishona vizuri, ukikifua unatoka.

Asiye na plastiki ya kuyeyuka asikae kinyonge. Oganza mbili, hata shela kuukuu ya bi harusi kutoka soko la mitumba la Mlango Mmoja, shona jani kwa uzi wa pamba alafu kata ukingo kwa ile pasi ya kulehemu ya mafundi redio. Oganza ya plastiki inayeyuka ukingoni haifumuki, uzi wa pamba hauyeyuki. Fanya mlangoni penye hewa, moshi wake siyo mzuri. Jaribu kipande kidogo kwanza, ikiwa hariri halisi itaungua tu haitayeyuka.

Matumizi sasa. Kwilti, kwa wasiojua, ni blanketi la matabaka matatu, juu viraka vya vitenge, katikati fiba ya bapa, chini shuka, alafu unashona yote matatu pamoja mistari ionekane. Mabaki ya vitenge mafundi mnayo chini ya meza mnayafagia, hayo hayo. Ushauri wangu shona matabaka kwanza umalize ndipo upachike majani, ukianza na majani yatakwaruzwa na mguu wa cherehani kila ukipita. Na unapolipachika shona juu ya mshipa mkubwa peke yake, ukingo uachie, jani linyanyuke, mtoto alishike. Mshono huo utatokea upande wa pili wa blanketi kwa hiyo uzi wa bobini uwe rangi ya shuka la chini. Blanketi la mtoto lisiwe na waya wala shanga, hapo sijadiliani na mtu.

Waya ni kwa mapambo. Nenda kwa fundi wa kusuka mota, omba mabaki ya waya wa koili, ule mwembamba wa shaba, ulaze ukingoni kwa jani likiwa bado kwenye ringi, upitie na zigizaga nyembamba, kushoto kwake na kulia kwake, polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono maana sindano ikiugonga inakatika na inaruka. Jani hilo unalikunja unavyotaka. Nimeona linapendeza sana juu ya kile kitambaa cha magome ya mti cha kahawia kinachotoka ng'ambo, Uganda na upande wa Bukoba, ambacho ufundi wake kwa Uganda uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008. Kitambaa chenyewe kimetoka kwenye mti, ukikiwekea fremu na majani matatu ya rangi tofauti huhitaji kuongeza kitu, na ninawaomba MSIONGEZE kitu, hizi gliter za dukani zinaharibu kazi nyingi.

Bei sitasema sana. Pima muda wako na uzi wako, na usikubali kulinganishwa na jani la mashine ya kompyuta, ile kazi yake ni nembo za sare za shule zifanane zote mia mbili, inafanya vizuri kabisa, iachieni.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili. Dada mmoja kauliza kama uzi wa kawaida wa kushonea unafaa. Unafaa, wa poliesta una nguvu, haung'ai tu. Ule wa kung'aa wa reyoni ni mzuri machoni ila ukilowa unapungua nguvu, kwa hiyo blanketi la kufua kila wiki tumia poliesta, reyoni peleka ukutani.

La pili ni la bibi wa Igoma, kauliza uzi wa bobini uwe rangi gani kama jani linaonekana pande zote mbili. Bibi hilo ni swali la fundi. Weka rangi moja juu na chini kama una haraka, lakini rudi kwenye jani la mwembe uligeuze, chini limepauka kuliko juu, si ndiyo? Basi kwenye bobini weka kijani cha kupauka, tensheni ya juu uikaze kidogo tofauti na nilivyosema mwanzo ili uzi wa juu usijitokeze upande wa chini, na jani lako litakuwa na mgongo na tumbo. Haya, ringi hazitoshi, tukae wawili wawili, na mwenye kucha ndefu asiwe yeye wa kubana plastiki.